Karani wa Mishahara si Serikali

Niliwahi kuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja hapa Kenya, nami najua siku ya malipo ilivyo. Mfanyakazi akiona mshahara wake umepungua haendi Bungeni. Huja dirishani pako.

Miaka hii dirisha hilo halikosi foleni. Chukua mfanyakazi wa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwaka wa 2022 NSSF ilimkata 200, na bima ya afya 1,300. Kufikia Februari 2025 NSSF ilimkata 3,600, SHIF 1,650, na ushuru wa nyumba 900. Kutoka 1,500 hadi 6,150! Naye mwajiri, ambaye zamani alimchangia NSSF shilingi 200 tu, akawa anatoa 4,500 kwa kila mtu wa kiwango hicho. Wenye shule na maduka madogo wamelalamika, wala sidhani wanadeka.

Lakini ngoja nikueleze linaloniudhi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yasema makato yote yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Tuseme mtu wetu huyo ana mkopo wa chama cha akiba, analipa 27,000 kila mwezi. Mwaka wa 2022, baada ya kodi na yote, alibaki na 21,000 na kitu. Kwa makato ya 2025, ijapokuwa kodi yenyewe ilishuka kidogo, angebaki na 18,300 hivi, hali sheria yataka asipungukiwe 20,000. Karani afanyeje? Makato ya serikali hayaguswi. Akipunguza mkopo, wadhamini wataanza kupigiwa simu. Akiuacha ulivyo, mwajiri amevunja sheria.

Na tarehe zenyewe! Ushuru wa nyumba ulianza Julai 2023. Novemba 28 Mahakama Kuu ikaubatilisha, ila ikauacha uendelee kwa muda. Januari 26, 2024, Mahakama ya Rufaa ikakataa kuuongezea muda, wakati mishahara ya mwezi huo imekwisha andaliwa kwingi. Machi 19 sheria mpya ikatiwa sahihi. Kata, usikate, kata! Kisha Desemba 27, 2024 hesabu ya kodi ikabadilishwa, watu wamekwisha lipwa na wako mashambani kwa Krismasi.

Sisemi watu wasiweke akiba ya uzeeni. Zile shilingi 200 za NSSF zilikuwa mzaha. Ninaloomba ni kwamba sheria ya mishahara ianze siku ya kwanza ya mwezi, baada ya notisi ya mwezi mzima walau. Mwajiri naye asijifiche nyuma ya karani. Awakusanye wafanyakazi kabla ya siku ya malipo, awasomee tarakimu mwenyewe. Wenye mikopo waitwe mmoja mmoja, afisa wa chama akiwapo, muda wa kulipa urefushwe kabla mdhamini hajaguswa.