Mlango wa kutokea: kibao gani kwa jengo letu?

(Maneno tuliyosema kwa niaba ya timu ya uwanjani, mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Uvira)



Tumeombwa kueleza kwa nini hatujanunua bado vibao sita vya kuonyesha njia ya kutokea katika jengo letu la biashara. Pesa iko. Tulikawia kwa sababu tulitaka kuchagua vizuri, na tutasema wazi tulichokiona.

Mnakumbuka ile siku ya mkutano wa juu. Waya uliungua karibu na ngazi, moshi ukapanda, umeme ukakatika. Sisi wote tukakimbilia mlango mmoja, ule tulioingilia. Mama mmoja akaanguka kwenye ngazi, wengine wakamkanyaga. Mungu alisaidia, akapona. Lakini mlango wa nyuma ulikuwa hatua kumi tu kutoka pale tulipokaa. Hakuna aliyeuona gizani, na hata angeuona, ulikuwa na kadena, au kufuli kama tulivyozoea kusema kule Tanzania.

Sasa, vibao. Mfanyabiashara mmoja alituletea vya zamani, bei ya chini sana. Wengi wetu tulifurahi. Fundi alipovifungua akakuta ndani balbu za kizamani, mbili mbili, jumla wati 40 kwa kila kibao. Kibao cha kutokea hakizimwi usiku wala mchana, kwa hiyo kimoja kinakula karibu kilowati-saa 350 kwa mwaka. Kibao cha LED cha wati 3 kinakula karibu 26. Bei ya chini dukani, deni kubwa kwenye faktira.

Lakini faktira siyo jambo kubwa hapa kwetu. Jambo kubwa ni kwamba umeme unakatika kila siku.

Tufanye hesabu pamoja. Tuko na batri moja ya paneli za jua, volti 12, ampea-saa 100. Ndani yake mna kama wati-saa 1,200, na batri ya aina hii haifai kuitumia kupita nusu, la sivyo inakufa mapema. Basi tuko na 600. Vibao sita vya zamani ni wati 240: vinaimaliza kwa saa mbili na nusu. Vibao sita vya LED ni wati 18: vinakaa zaidi ya saa 30. Mnaona? Kwa wenzetu wa Ulaya, kibao cha umeme kidogo ni kupunguza gharama. Kwetu sisi, ndicho kibao pekee kitakachokuwa kinawaka siku ya hatari.

Mtu atauliza: si vibao vya LED viko na batri yake ndani? Ndiyo, na ni vizuri. Ila batri ile ndogo imetengenezwa kwa ajili ya mji ambao umeme unakatika mara moja moja. Nyingi zinashika saa moja hadi tatu, kisha zinahitaji muda mrefu kujaa tena, mara nyingine siku nzima. Kama umeme umekatika tangu asubuhi, mkutano wa saa kumi jioni utakuta kibao kimeshazimika zamani. Kwa hiyo tunashauri vibao viungwe kwenye batri ya paneli, na batri ya ndani ibaki akiba. Waya wake usipitie swichi ya butiki yoyote, maana atakayefunga butiki jioni atazima kila kitu.

Kuna pia vibao visivyohitaji waya, vinavyomeza mwanga na kung'aa gizani. Ni vizuri, lakini vinang'aa sana dakika za kwanza, halafu vinafifia, na mahali pasipo mwanga havijazi kitu. Ngazi yetu ya nyuma ni giza hata mchana. Hapo havifai peke yake. Tutaviweka chini, kwenye korido yenye dirisha.

Kuhusu rangi na maandishi: vile vya zamani vimeandikwa kwa Kiingereza, herufi nyekundu. Kati yetu kuna aliyesoma Kifaransa, kuna aliyesoma Kiswahili kule Nyarugusu, kuna asiyesoma kabisa. Tuchague kile cha kijani chenye mtu anayekimbilia mlangoni. Mchoro huo ulianzia Japani, na sasa unajulikana dunia nzima. Hauhitaji shule. Kibao chenye mwanga ndani na kimo cha sentimita 15 kinaonekana hadi mita 30, kinatosha ukumbi wetu.

Sasa lile neno gumu. Kadena ya mlango wa nyuma imewekwa kwa sababu ya wezi wa depo, tunaelewa. Mwaka 1911 kule New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua, wakafa watu 146, wengi wasichana wahamiaji. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ilisemekana ni kuzuia wizi wa nguo. Kibao kinachowaka juu ya mlango wenye kadena kinadanganya watu, na kinawapeleka mahali pa kufia.

Kwa hiyo tunaomba mkutano ukubali mambo matatu. Moja: kadena itoke, liwekwe komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na mlinzi akae nje. Mbili: tununue vibao vya LED vya kijani vyenye batri, viungwe kwenye paneli. Tatu: kamati ichague mtu wa kubonyeza kitufe cha kujaribu kila mwezi na kuandika katika daftari, kwa maana batri ndogo hufa kabla ya taa, bila kupiga hodi.

Ndugu wafadhili, daftari hilo mtalikuta mlangoni kila mkija. Ninyi wanachama, leo kabla ya kushuka, tupitie wote mlango wa nyuma. Ufunguo tumeshauomba.