Kabla ya Kununua Cherehani, Ijue Kazi Yako

(Maneno ya Ofisi ya Habari ya Kaunti kwa wanaoanza ushonaji, Kiminini)

 

Mahindi yakishauzwa, wengi hutuuliza swali moja: ninunue cherehani gani? Mimi si fundi, ila nimelelewa na fundi. Mama yangu aliweka akiba kwenye chama miaka miwili, akanunua mashine ya kiwandani yenye mota kubwa kwa sababu muuzaji alimwambia inashona haraka. Ilishona haraka kweli. Lakini tokeni nazo ziliisha haraka, na stima ikipotea, wateja walichukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi mwingine. Mwishowe aliiuza kwa nusu ya bei. Cherehani iliyotulipia karo ni ile ya kukanyaga, aliyoinunua baadaye kwa mzee aliyekuwa anaacha kazi.

Kwa hiyo anza na kazi, ndipo utafute mashine. Ukikusudia kushona sare za shule, mapazia na marinda ya kitenge, cherehani ya kukanyaga kama Singer au Butterfly inatosha. Haihitaji stima, na mafundi wengi wanajua kuirekebisha. Ile ndogo ya umeme ya nyumbani ina zigizaga na husaidia kutia vitundu vya vifungo, lakini kitambaa kizito kutwa nzima kitaichosha. Ya kiwandani yaweza kufikia mishono 5,000 kwa dakika. Hiyo ni ya mwenye oda nyingi na stima ya uhakika. Ovaloki nayo isubiri. Kwa sasa, peleka nguo kwa jirani aliye nayo, umlipe kwa kila moja.

Usilipe kabla ya kujaribu. Nenda na fundi unayemwamini, mbebe vipande viwili vya kitambaa, chepesi na kizito. Zungusha gurudumu kwa mkono, usikie kama linakwama. Shona, kisha geuza kitambaa: mshono wa chini ufanane na wa juu. Uzi ukijikunja, muuzaji airekebishe mbele yako. Dai risiti yenye namba ya mashine.

Sasa vitambaa. Anza na pamba: merikani au kitenge. Pamba haitelezi chini ya sindano, na hukubali pasi. Satini, shifoni na vitambaa vinavyovutika viache mpaka mkono uzoee. Kitenge cha yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu, kwa hiyo muulize muuzaji anapima kwa yadi au kwa mita.

Ukiambiwa ni pamba tupu, omba nyuzi chache uzichome kwa tahadhari. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikaacha kidonge kigumu. Na kabla ya kukata pamba, ifue na kuianika. Hurudi, na gauni lililomtosha mteja Jumamosi laweza kumbana baada ya kufuliwa mara moja.

Sindano pia zina kazi zake: namba 11 kwa kitambaa chepesi, 14 kwa pamba ya kawaida, 16 kwa jinzi na khaki. Ikipinda au kuwa butu, ibadilishe. Sindano ni bei ndogo kuliko kitambaa cha mteja.

Mwisho, usijifunze peke yako kwa kuharibu. Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Ulizia kilicho karibu nawe, na ukishaiva, fanya mtihani wa NITA upate cheti. Vikundi vya vijana, akina mama na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa vina haki ya kushindania asilimia 30 ya zabuni za serikali zilizotengewa makundi hayo.

Shule hufunguliwa Januari, na mzazi hutafuta sare kabla ya hapo. Ukinunua vizuri mahindi yakiuzwa, Januari itakukuta ukishona. Ukinunua kwa pupa, itakukuta ukitafuta wa kukununulia mashine.