Usitupe platini ya zamani

Wiki hii twende Itaka, wilayani Mbozi, katika Mkoa wa Songwe. Huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya nchi yetu, Land Rover ya petroli ya miaka ya 1970 si pambo. Msimu wa mavuno hubeba kahawa, na usiku hubeba mgonjwa kumpeleka Vwawa. Gari kama hilo likikataa kuwaka, anayekosa usingizi si mwenye gari peke yake.

Mara nyingi mchawi ni platini. Vipande hivi viwili vya chuma hugusana na kuachana ndani ya distributa. Vikigusana, umeme wa betri hupita kwenye koili. Vikiachana, umeme hukatika ghafla, na koili hupeleka kwenye plagi cheche yenye maelfu ya volti. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini huachana mara 100 kila sekunde. Si ajabu basi kwamba huungua, hulika, na nafasi yake hubadilika. Ndipo asubuhi ya baridi ya Julai mnapolisukuma gari mpaka jasho linawatoka.

Dawa ya kisasa ni cheche za elektroniki. Platini na kondensa hutolewa, na mahali pake hufungwa kifaa kidogo kinachohisi sumaku inayozunguka pamoja na mhimili wa distributa. Kazi ya kukata umeme hufanywa na transista. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Wala jambo hili si geni: Chrysler ya Marekani iliyaingiza magari yake ya huko katika mfumo huu tangu mwaka 1973.

Je, mwenye gari la zamani akimbilie dukani? Mimi nasema asikimbie, atembee. Kwanza aangalie betri. Katika magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya miaka ya 1970, upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Kifaa kisichotengenezwa kwa mpango huo kitaungua. Pili, koili ilingane na kifaa. Tatu, swichi isiachwe wazi wakati injini imezimika. Nne, waya za plagi zilizochakaa hazifufuliwi na elektroniki. Na fundi akishamaliza kufunga, apime taimingi upya.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Platini ikichoka hukuonya: gari hukohoa, hukosa nguvu, nawe unashuka na kipande cha msasa, unaisugua, mnafika. Elektroniki ikifa, yaweza kufa bila kuaga, na haisuguliwi kwa msasa. Usiku wa mvua, kati ya Itaka na Mlowo, spea utaipata wapi?

Kwa hiyo, funga kifaa kipya, kina manufaa. Ila platini nzima na kondensa yake viweke kwenye kopo chini ya kiti, pamoja na bisibisi, na dereva afundishwe kuvirudisha. Mgonjwa hawezi kusubiri duka lifunguliwe. Wahenga walikwisha kutuasa: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mpaka wiki ijayo, kwaherini.