Kona ya ufundi darasani: tuanze na meza moja

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi, walimu na wanachama wa bodi za shule za msingi, Machakos

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu swali ambalo ofisi yetu husikia mara kwa mara: shule ya msingi ya umma, isiyo na pesa za ziada, itawapaje watoto mahali pa kutengeneza vitu kwa mikono yao? Nitatoa jibu kwanza, kisha maelezo. Inawezekana, na haihitaji jengo jipya. Inahitaji meza moja imara, kabati lenye kufuli, vifaa vichache vya mkono, na sheria ambazo kila mtoto anazijua kwa moyo. Mahali hapo mimi napaita kona ya ufundi.

Kwa nini tulizungumzie sasa? Mtaala wa umilisi ulianza kufundishwa nchi nzima Januari 2019, katika chekechea na gredi ya 1 hadi ya 3. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Mtaala huu unamtaka mtoto aonyeshe anachoweza kufanya, pamoja na kile anachokumbuka. Hilo ni jema. Lakini sote tunajua kilichotokea nyumbani. Saa mbili usiku mtoto anasema mwalimu anataka kielelezo kesho asubuhi. Mama anaanza kutafuta katoni, baba anatafuta gundi, dada mkubwa anakata na kubandika, na mtoto mwenyewe amelala. Mwenye uwezo analipa fundi au ananunua kitu kilichokwisha tengenezwa. Asiye na uwezo, mtoto wake anaenda mikono mitupu na aibu juu.

Katika hali hiyo mwalimu anapima mfuko wa mzazi. Kona ya ufundi inarudisha kazi mahali pake. Kifaa kiko shuleni, malighafi iko shuleni, saa ya kazi iko kwenye ratiba, na mwenye kutengeneza ni mtoto. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kusimama hapa leo.

Wazee waliopo watakumbuka kwamba tumewahi kupita njia hii. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulikuwa na masomo ya sanaa, ufundi, sayansi kimu na kilimo. Wazazi waliambiwa wajenge karakana, harambee zikafanywa. Pale ambapo pesa ziliishia kwenye kuta, kulibaki chumba kisicho na kifaa ndani, na baadaye kikawa stoo. Mapema miaka ya 2000 masomo hayo ya mikono yakapunguzwa na kuondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane. Kuna funzo hapo: tukianza na jengo, pesa zitaisha kabla ya mtoto kushika nyundo. Tuanze na nyundo.

Na tusijione wageni katika jambo hili. Mutisya Munge wa Wamunyu alitumikia Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona uchongaji wa kule, akarudi nyumbani na kuanza kuchonga. Wengine walijifunza kwake kwa kutazama na kujaribu. Kutokana na mwanzo huo, uchongaji wa Wakamba ulijulikana duniani, na hadi leo jina la Wamunyu linatajwa panapotajwa vinyago vya Kenya. Mama zetu wanasokota mkonge na kusuka vyondo vyenye hesabu ndani yake: mstari ukikosewa mmoja, pambo lote linapinda. Kwenye milima yetu kuna matuta ya fanya juu, jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa udongo wa nchi nyingine wanalitumia vile vile lilivyo. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu mwaka 1994 kuhusu eneo hili, wakaonyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka huku mmomonyoko wa udongo ukipungua, kwa sababu ya kazi ya mikono yao. Kwa hivyo mwalimu anayeuliza wapi pa kupata wataalamu, ajue kwamba wengine wao ni wazazi wa wanafunzi wake.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, mahali. Chagueni pembe ya darasa iliyo karibu na dirisha, mbali na mlango, ili watoto wasigongane na anayefanya kazi. Meza iwe nzito na isitikisike. Urefu wake ufike kiunoni mwa mtoto, kwa sababu meza ya mtu mzima humfanya mtoto ainue mabega na kupoteza nguvu ya mkono. Ukutani wekeni ubao wa kutundikia vifaa, na nyuma ya kila kifaa mchore umbo lake kwa rangi. Kipindi kikiisha, mwalimu anatazama ubao mara moja tu: umbo lililo tupu linamwambia ni kipi hakijarudi. Hakuna mtoto anayetoka mpaka ubao ujae.

Pili, vifaa. Tuseme darasa lina watoto 48. Wagaweni katika vikundi 8 vya watoto 6. Vikundi 2 pekee, yaani watoto 12, ndio wanaokuwa kwenye meza ya kukata na kugongomea. Vikundi 6 vilivyobaki vinapima, vinachora, vinakunja au vinabandika kwenye madawati yao. Baada ya vipindi 4, kila mtoto amepitia mezani. Kwa hivyo hamhitaji nyundo 48. Watoto 12 wakifanya kazi wawili wawili wanatosheka na nyundo ndogo 4, misumeno midogo 2, koleo 4, bisibisi 4, tupa 2, tepu za kupimia 2, na makasi 6. Miwani ya kukinga macho iwe 12, kwa maana macho hayagawanywi wawili wawili.

Vifaa vinunuliwe kwa awamu. Muhula wa kwanza mnunue miwani, makasi, tepu na koleo. Kwa hivyo tu watoto wanaweza kufanya kazi ya waya, katoni na mkonge. Nyundo na misumeno ije muhula unaofuata, wakishazoea sheria. Pateni bei kutoka maduka matatu, muandike kwenye daftari, na risiti ziwekwe mahali ambapo mzazi yeyote anaweza kuzitazama.

Tatu, malighafi. Hapa ndipo kaunti yetu ina utajiri. Seremala ana vipande vya mbao anavyovitumia kama kuni. Fundi wa cherehani ana vitambaa. Maduka yana katoni. Mashambani kuna mkonge, vibuyu na udongo wa mfinyanzi. Wajengaji wana vipande vya waya ya kufungia nondo. Andaeni masanduku yenye majina, na mtoto aleteapo kitu akiweke kwenye sanduku la wote, kisiandikwe jina lake. Tukiruhusu kila mtoto atumie alicholeta mwenyewe, tutakuwa tumerudi pale pale pa mwenye nacho na asiye nacho.

Kuna vitu visivyopokelewa kabisa. Makopo na chupa za dawa za wadudu na mifugo, hata zikioshwa mara kumi. Sindano na vifaa vya zahanati. Betri za simu, kwa sababu zikitobolewa zinaweza kushika moto. Vioo vilivyovunjika. Na kona hii isitumie umeme wa ukutani. Mtoto wa msingi anaweza kujifunza saketi kwa betri kavu ndogo, balbu ya tochi na waya.

Nne, usalama. Sheria ziwe chache, ziandikwe kwa herufi kubwa. Miwani kabla ya kifaa. Viatu miguuni. Kifaa hupokezanwa kwa mpini. Anayekata haongeleshwi. Kinachokatwa kifungwe kwenye meza, kisishikwe kwa goti. Mwalimu akipiga makofi mara tatu, kila mkono unasimama. Sanduku la huduma ya kwanza liwe kwenye kabati, na mwalimu mmoja ajue kulitumia.

Huenda mmoja wenu anafikiri kwamba haya ni michezo, na mtoto anapoteza wakati wa hesabu. Acheni nitoe mifano mitatu.

Gari la waya, ambalo wengi wetu tulilisukuma tukiwa wadogo. Mtoto akitumia kizibo chenye kipenyo cha sentimita 3 kuwa gurudumu, mzingo wake ni karibu sentimita 9.4. Likizunguka mara 10 bila kuteleza, gari linasonga karibu sentimita 94. Mtoto apime kwa tepu, alinganishe na hesabu yake, kisha aeleze kwa nini zinatofautiana.

Mlima ndani ya katoni. Tandikeni nailoni ndani ya katoni mbili, mjaze udongo uliowekwa mteremko. Moja iachwe ilivyo, nyingine ikatwe matuta madogo ya fanya juu. Mwageni maji kiasi sawa kwa kopo lenye matundu. Pimeni maji yenye tope yanayofika chini katika kila katoni. Mtoto akishaona hivyo, hahitaji kukaririshwa maana ya mmomonyoko, na ataelewa kwa nini babu yake alichimba.

Kipima mvua. Chukueni chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, mkate sehemu ya juu, muigeuze na kuiingiza kama faneli. Wekeni changarawe chini isianguke kwa upepo, mwage maji mpaka pale ubavu unaponyooka, na hapo pawe sifuri. Bandikeni vipimo vya milimita. Sisi tuna misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na kila tone lina thamani. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 inatoa lita 1 ya maji. Darasa ambalo paa lake linafunika mita 8 kwa mita 6 lina mita mraba 48. Mvua ya milimita 10 juu yake ni lita 480, yaani mitungi 24 ya lita 20. Hata kiasi fulani kikipotea kwa kumwagika, hesabu hiyo ataipeleka nyumbani na kuuliza kwa nini paa lenu halina mfereji wa kuvuna maji.

Kuhusu pesa na wajibu, niseme wazi ili tusidanganyane. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kaunti imepewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule ya msingi iko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo sitasimama hapa kuahidi kwamba ofisi ya kaunti itanunua nyundo za gredi ya 4. Ahadi hiyo ingekuwa tamu leo na chungu muhula ujao. Lakini mafunzo ya ufundi ni kazi ya kaunti, na vyuo hivyo vina walimu wa useremala, uashi, umeme na ushonaji. Mwalimu mkuu anaweza kumwandikia msimamizi wa chuo kilicho karibu, aombe wanafunzi wa useremala waunde meza kama kazi yao ya mazoezi, shule itoe mbao. Anaweza kuomba mkufunzi aje siku moja kuwaonyesha walimu jinsi ya kunoa na kushika msumeno. Na vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti vinapotangazwa, njooni mseme mnataka nini kuhusu chekechea na vyuo hivyo. Maoni yasiyoletwa hayaandikwi.

Kwa wazazi: mchango wowote uwe wa hiari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haimruhusu mtu kumzuia mtoto kuhudhuria shule kwa sababu mzazi hakulipa. Asiye na pesa anaweza kuleta nusu siku ya kazi, gunia la vipande vya mbao, au ujuzi wake wa kusuka. Mama anayejua kusuka kiondo ni mwalimu mgeni kamili.

Kwa walimu nina ombi moja. Msiwape wasichana kazi ya kufagia vumbi la mbao huku wavulana wakipiga misumari. Zamu ziandikwe, na kila mtoto apite kila mahali, pamoja na mtoto mwenye ulemavu, ambaye huenda akahitaji tu meza iliyoshushwa au mwenzake wa kumshikia ubao.

Mkitoka hapa, fanyeni mambo matatu kabla ya muhula kwisha. Bodi ya shule ikubaliane kuhusu pembe ya darasa moja. Mwalimu mmoja ajitolee kuisimamia. Na orodha ya mafundi walio wazazi iandikwe, pamoja na siku ambayo kila mmoja ana nafasi. Darasa moja likifaulu, la pili litaiga.