Nani Anashika Mfuko? Nilichowaambia vijana kuhusu mabaraza ya wenyeji wa Australia



Nimepewa dakika kumi, na najua wengine mnasubiri chai. Nimeombwa nizungumzie uwakilishi. Ningeanza na katiba ya chama, ila hiyo mnaijua. Leo nawapeleka Australia.

Mwaka 1990 wenyeji wa asili wa nchi ile, yaani Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, walipata chombo chao cha kitaifa kwa sheria ya Bunge. Kiliitwa ATSIC. Watu walipiga kura kuchagua mabaraza ya mikoa, na mabaraza yakachagua makamishna. Tamu kusikia, sivyo? Lakini mwenyekiti wa kwanza, mama Lowitja O'Donoghue, aliteuliwa na waziri. Mpaka 1999 ndipo makamishna wakachagua mwenyekiti wao wenyewe. Karibu miaka kumi, wenye chombo hawachagui kiongozi wa chombo!

Fedha nazo, sehemu kubwa ya bajeti ilikuja ikiwa serikali imeshaipangia kazi. Elimu haikuwahi kuwa mikononi mwao. Afya ikaondolewa 1995. Ila watoto wakiugua, shule zikidorora, lawama ni za ATSIC. Sisi tuliowahi kuwa viongozi wa matawi tunaijua hiyo: hupewi hata nauli, halafu unaulizwa mbona hujafika kijijini.

Siwasafishi, jamani. Uongozi wa juu uliandamwa na kashfa. Na mtu anayegawa ruzuku leo halafu kesho anaomba kura kwa hao hao aliowagawia, hata mimi nisingemwamini. Mwaka 2003 makamishna wakanyang'anywa ugawaji wa fedha, wakabaki na vikao.

Sasa hapa naomba tusikilizane, maana sisi ni wapinzani. Mnajua nani alitangulia kutangaza kwamba ATSIC ivunjwe? Chama cha upinzani! Machi 2004, Labor ya Mark Latham walisema wakiingia madarakani wataifuta. Wiki mbili baadaye Waziri Mkuu John Howard akasema naye anaifuta. Machi 2005 ikafutwa, na washauri wa kuteuliwa walikuwa wameshapatikana. Wapiga kura wa ATSIC hawakuulizwa.

Mwaka 2010 wakajaribu tena, safari hii kwa akili zaidi. Kongamano la Taifa likasajiliwa kama kampuni, ili Bunge lisiweze kulifuta kwa sheria. Wenyeviti wawili, mwanamke na mwanaume, pamoja na baraza la maadili. Kwa utaratibu wa ndani, mimi sijaona kosa kubwa. Ila mfuko ulitegemea serikali. Serikali ya Tony Abbott ilipoingia ikakata, wafanyakazi wakapunguzwa, na 2019 likafungwa. Kwa hiyo mtu akiniambia mabaraza haya yalikufa kwa utawala mbovu tu, namkatalia.

Baadaye wakaomba chombo kiandikwe kwenye Katiba yenyewe. Kura ya maoni ikapigwa 14 Oktoba 2023. Asilimia 60 hivi wakasema hapana, na majimbo yote sita yakakataa.

Msiseme ni mambo ya mbali. Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania ilipitishwa 2015, miaka ikapita na baraza lenyewe hatulioni. Tunapolidai, tudai tukijua tunadai nini: nani anamchagua mwenyekiti, nani anaweza kumtoa, na hela inatoka wapi.

Tena tuanzie nyumbani. Rasimu ya mwongozo wa jumuiya yetu mnayo kwenye simu. Kifungu cha fedha kinasema tutategemea ruzuku ya makao makuu, basi, hakuna kingine. Ada ya mwanachama haijatajwa hata senti. Nimeandika pendekezo la marekebisho, nahitaji wajumbe wa kuniunga mkono kabla ya kikao cha mchana. Karatasi ya saini iko pale mezani, karibu na birika la chai.