Mwanamke Katika Siasa ya Ukombozi: Funzo la Markievicz na Bibi Titi

Ndugu walimu na watumishi wa umma wa Karatu na Ngorongoro,

Somo la kupigania uhuru lifikapo darasani, mara nyingi ubao hujaa majina ya wanaume, na mwishoni huandikwa kwamba wanawake nao walishiriki. Mwanafunzi hunakili maneno hayo, akafaulu mtihani, naye asijue ni wanawake gani, walifanya nini, na walilipa gharama gani. Yafaa basi kuyatazama maisha ya wanawake wawili, mmoja wa Ireland na mwingine wa Tanganyika, kisha kuuliza yanahusu nini katika wilaya hizi mbili.

Constance Markievicz alizaliwa mwaka 1868 katika ukoo wa makabaila wenye ardhi nchini Ireland, nchi iliyotawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi. Aliuacha upande wa jamaa zake akasimama na wanyonge. Mwaka 1913, matajiri wa Dublin walipowafungia kazi maelfu ya wafanyakazi, yeye alishughulika kuzilisha familia zao. Aprili 1916 alishika silaha katika maasi ya kudai jamhuri. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha kwa sababu tu alikuwa mwanamke. Alifunguliwa mwaka 1917. Desemba 1918, akiwa gerezani kwa mara nyingine, alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Uingereza. Kama wenzake wa chama cha Sinn Féin, alikataa kukikalia kiti hicho, kwani hakuutambua utawala wa mfalme juu ya nchi yake. Mwaka 1919 akawa Waziri wa Kazi katika serikali ya wapigania jamhuri. Alifariki mwaka 1927. Baada yake Ireland haikuwa na mwanamke mwingine katika Baraza la Mawaziri mpaka mwaka 1979.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Hakutoka katika ukoo wa makabaila, na elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Alikuwa kiongozi wa waimbaji katika ngoma za wanawake wa mjini. Inasimuliwa kwamba katikati ya mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU iwapo chama chao kilikuwa na sehemu ya wanawake. Sehemu hiyo haikuwapo. Bibi Titi akakabidhiwa kazi ya kuiongoza. Hakuanza kwa kuandika waraka. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, akazungumza nao kwa lugha yao, nao wakawaleta wenzao. Kwa muda mfupi maelfu ya wanawake walichukua kadi, wakati ambapo watumishi wengi wa serikali walizuiwa na mkoloni kujiunga na chama. Alisafiri majimboni pamoja na Mwalimu Nyerere, akahutubia umma bila karatasi mkononi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 alikuwa mbunge na Waziri Mdogo. Mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake. Lakini mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, lililomkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, naye hakukubaliana na sharti hilo. Alijiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine kwa shtaka la uhaini. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha, ingawa alikana kosa. Mwalimu Nyerere alimfungua mwaka 1972. Aliishi kimya kwa miaka mingi, akafariki Novemba 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Ndugu walimu, sehemu hiyo ya pili ya maisha yake haifai kurukwa. Wapo wanaodhani kuitaja ni kukivunjia Chama heshima. Hapana. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, Chama chenyewe kililegeza masharti yale yaliyomtenga Bibi Titi na wenzake. Mtu anaweza kuamini kwamba sharti la mwaka 1967 lilikuwa la haki, kwa kuwa lilimzuia kiongozi asigeuke bwanyenye, na bado akatambua kwamba aliyelikataa hadharani na kuacha cheo alikuwa mkweli kuliko aliyelikubali kwa mdomo huku akiandikisha nyumba kwa jina la shemeji. Kijana akifundishwa historia iliyofagiliwa, siku atakapoyasikia mengine mitaani ataacha kumwamini mwalimu wake.

Sasa, yanahusu nini Karatu na Ngorongoro? Katika boma la Kimaasai mwanamke ndiye hujenga nyumba. Hata hivyo, makubaliano ya mwaka 1958, ambayo kwayo Wamaasai walihama Serengeti, yalitiwa saini na wazee wa kiume. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku ndani ya hifadhi. Mwaka 1992 kikaruhusiwa, baadaye marufuku ikarudi. Kila mara aliyetafuta jinsi ya kuwalisha watoto jioni ile alikuwa mama. Tangu mwaka 2022 kaya zimekuwa zikihamia Msomera, Handeni. Katika jambo zito namna hiyo, anayejenga nyumba hana budi kuulizwa itasimama wapi.

Karatu nako, katika mashamba ya vitunguu ya Mang'ola na ya ngano na mahindi ya nyanda za juu, jasho la mwanamke halifichiki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Lakini sheria huhesabu viti; haihesabu maneno. Mwanamke anaweza kukaa katika baraza mwaka mzima na jina lake likaonekana kwenye orodha ya mahudhurio tu.

Hapo ndipo wajibu wa mtumishi ulipo. Mkutano ukiitwa saa za kuteka maji, wanawake wamekwisha kufungiwa nje. Mkutano ukiendeshwa kwa Kiswahili cha ofisini bila mfasiri wa Kiiraqw, Kimaasai au Kidatoga, mama aliyekuja atarudi na lake moyoni. Katibu asipoandika hoja ya mwanamke katika kumbukumbu, hoja hiyo haitafika wilayani. Hayo matatu hayahitaji bajeti.

Mwaka 2021 mwanamke aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ni hatua kubwa. Lakini Ireland ilikuwa na waziri mwanamke mwaka 1919, kisha ikakaa zaidi ya nusu karne bila mwingine. Mlango uliofunguliwa na mmoja hujifunga usiposhikiliwa na wengi, na wa kuushikilia ni walimu darasani na maofisa katika mikutano ya vijiji.