Pasipoti mbili mu sakoshi moja
(Maneno yaliyosemwa mu mukutano wa mwezi wa chama chetu, Kadutu)



Prezidenti aliniomba niseme juu ya kusafiri bwana na bibi pamoja, na akanionya nisilete lugha ya atelye. Kwa hiyo sina karatasi za kubandika ukutani. Nitasema tu yale yaliyotupata Kampala, tangu mwezi wa tatu mpaka wa nane 2025, na mahali nilipokosea. Ninajua kuna wengine humu ndani wanajitayarisha kwenda, wawili wawili. Ni kwa ajili yao zaidi.

Munakumbuka hali ilivyokuwa. Muji ulibadilisha mikono katikati ya Februari, benki zikafunga, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafunga, na shirika nililokuwa ninatumikia likasimamisha mikataba yetu. Mimi na bibi yangu tulikuwa na pasipoti tayari. Nikasema: twende Kampala miezi miwili, tuone. Mutoto wetu wa miaka mine tukamuacha kwa mama yangu, Bagira. Ile "miezi miwili" niliisema mimi, imesimama hivyo hewani, hatukukaa chini kuihesabu. Tukavuka Ruzizi ya Kwanza asubuhi, tukapanda bisi Kamembe, tukapita pori ya Nyungwe, Kigali, mupaka wa Gatuna. Kesho yake tuko Kampala, saa imesogea mbele saa moja, na sisi tumechoka kama magunia.

Sasa musikie namna nilivyopanga mizigo. Pasipoti zote mbili, mu sakoshi yangu. Cheti cha ndoa ya leta, mu sakoshi yangu. Makuta, dola 380, yote mu telefone yangu, kwenye laini ya Kongo. Nilikuwa ninataka kuyatoa kidogo kidogo kupitia ndugu mumoja aliyebaki Bukavu. Namba ya siri ilikuwa mu kichwa changu peke yangu. Bibi yangu alibeba nguo na chakula cha njiani. Nilijiona mwanaume anayelinda nyumba yake.

Siku ya tatu waliniiba telefone kwenye kituo kikubwa cha taksi. Nilipouliza nyumbani, jibu likawa: ili wakurudishie namba ile ile, ufike wewe mwenyewe na kitambulisho chako. Kwa hiyo makuta yetu hayakuibiwa. Yalikuwapo, lakini yalikuwa Bukavu na sisi tuko Kampala.

Jioni nikamwambia bibi. Hakulia. Alichukua kitenge kimoja mu mizigo yake, akafumua upindo kwa meno, akaweka dola 140 juu ya godoro. Na mimi, badala ya kusema aksanti, nikakasirika!

"Uko unanificha makuta tangu lini?"

"Na wewe, siku gani uliniambia mu ile telefone muko ngapi?"

Sikuwa na jibu. Na hapa niseme haya yangu mbele yenu. Mu kazi yangu mimi njo ninaenda Walungu na Kabare kufundisha watu juu ya Sheria ya Familia, namna ilivyogeuzwa mwaka 2016: muke hahitaji tena ruhusa ya mume ili atie sahihi, mambo makubwa bwana na bibi wanapatana. Ni kweli sheria ingali inamwita mume kichwa cha nyumba, na kwenye kila mafundisho kuna papa mumoja wa kunikumbusha neno hilo. Ninamujibu vizuri sana. Lakini bibi yangu hakuwa na hata kopi ya pasipoti yake mwenyewe. Kama sakoshi ingeenda pamoja na telefone, angekuwa mutu bila jina mu inchi ya wenyewe.

Zile dola 140 zililipa chumba, zingine zikawa mutaji. Bamama wa Kongo wanaouza vitenge Nsambya walimupokea. Walimupa vipande kwa kumuamini tu, anatembeza mutaa kwa mutaa, jioni analeta hesabu. Wiki mbili tu, alikuwa anahesabu bei mu Kiganda. Mimi nikabaki na lisansi yangu ya maendeleo ya vijiji, yote mu Kifaransa, ambacho pale hakikufungulii mulango. Hata Kiswahili, wazee wengi wa Kampala wanakisikia bado kama lugha ya waaskari. Ukimwamkia mutu kwa sauti kubwa kama kwetu Nyawera, anakuangalia mara mbili.

Basi nikapika. Nikachota maji, nikaosha sahani. Kwenye telefone niliwaambia rafiki zangu "niko ninatafuta." Siku moja papa mumoja wa kwetu, jirani, alinikuta nimeinama kwenye beseni akacheka. Nikaacha sufuria pale pale, nikatoka mpaka saa tatu usiku. Bibi alirudi na njaa, miguu imevimba, akakuta moto umezimika. Toka siku ile, wiki mbili, tulilala kwenye godoro moja kama abiria wawili wa bisi.

Aliyetusaidia ni mama mumoja muzee wa vitenge. Hakutupa mafundisho. Alikuja siku ya Mungu, akatandika kitambaa chini, akasema: tieni hapa kila kitu. Makuta, madeni, karatasi. Tukatia. Hapo njo niliona kwamba wateja wawili walikuwa wamemudanganya bibi yangu, na alikuwa amenyamaza juu ya haya. Yeye akaona kwamba mimi nilikuwa nimekopa kwa jirani yule yule aliyenicheka. Ilikuwa jioni mbaya, lakini usiku ule tuliongea. Kila mutu akachukua pasipoti yake, na kopi ya pasipoti ya mwenzake. Nikaanza kumuandikia daftari ya madeni. Kisha bamama wengine wakaniomba niwaandikie na wao, kwa malipo madogo. Sikuwa tajiri, lakini niliacha kukimbia sufuria.

Musifikiri nilipona. Mwezi wa saba shirika likaniandikia: kazi inaanza tena tarehe moja ya mwezi wa nane. Nikajibu "ninakuja" palepale barabarani, kabla ya kufika nyumbani. Bibi alikuwa mu likirimba na bamama wenzake, zamu yake ilikuwa katikati ya Agosti, baada ya miezi mine ya kutoa. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa kitambaa cha siku ya Mungu kilikuwa cha kazi gani?" Nikaja peke yangu. Yeye akangoja zamu yake, akafika wiki tatu nyuma yangu, na ni makuta yake yaliyolipa madeni ya nyumba tuliyokuwa tumeyaacha huku.

Mutoto? Alikuwa anamuita mama yangu "mama." Siku bibi alifika, alimutazama, akasema "jambo mama" kama unavyosalimia mugeni, akaenda kumuletea kiti. Bibi yangu alikaa kwenye kile kiti. Mpaka leo mutoto analala bado Bagira siku mbili kwa wiki, hatumulazimishi.

Wale wanaokwenda wasipime kwa kusema "tutaona." Wataje tarehe ya kuketi tena na kuamua, kabla ya kuvuka, na wamuambie mutoto vilevile.

Bibi yangu yuko pale nyuma, karibu na dirisha. Maswali ya vitenge na likirimba ni yake. Ya pasipoti mutaniuliza mimi.